Somo la Nne: Sogea Karibu

Katika Embu ya miaka ile, mpiga picha aliyekukata miguu alikuwa amekuibia. Mtu amevaa viatu vyake vya Krismasi, amevipiga rangi mpaka vinang'aa, amekuja kusimama mbele ya kamera, halafu picha ije imeishia kiunoni? Angemrudishia mpiga picha kazi yake na kumuuliza mbele za watu kama alidhani wateja wanatembea kwa mikono. Kwa hiyo wapiga picha wote wa mjini walijua kazi yao. Unarudi nyuma, watu wanasimama wima kwa mstari, mikono chini, na kila mmoja anaonekana kuanzia kofia hadi soli. Gitari naye alianza hivyo hivyo, kabla hajapata elimu.

Elimu yake ilikuja kwa posta. Alikuwa akiuza misumari na mabati katika duka moja la mjini, akiishi chumba kimoja mtaa wa Majimbo, bado hajaoa, na siku moja akaona tangazo gazetini la chuo kimoja cha Nairobi kilichofundisha upigaji picha kwa barua. Ulitumiwa kijitabu cha somo, ukafanya zoezi, ukatuma picha zako, mwalimu akazisahihisha na kukurudishia pamoja na somo lililofuata. Gitari alinunua kamera ya mtumba kutoka kwa mwalimu wa sekondari aliyekuwa akihama, kamera nzito ambayo kila kitu chake ulikizungusha kwa mkono, akajiunga. Mwalimu wake hakuwahi kumwona. Alimjua kwa sahihi yake tu, Bw. Vincent, na kwa kalamu yake nyekundu.

Kwa zoezi la kwanza alipiga familia ya mwenye nyumba wake, wote mbele ya lango jipya, na mwenye nyumba alifurahi mpaka akamsamehe kelele za redio. Picha zilirudi na alama nne kwa kumi. "Mbona umesimama mbali hivi?" iliuliza kalamu nyekundu. "Hili ni gwaride? Miguu ya nini? Lango la nini? Nyuso ziko wapi?" Gitari aliona aibu kama mtoto aliyesimamishwa mbele ya darasa. Alizificha picha zile chini ya godoro na akaapa kwamba hatapata nne tena maishani mwake.

Somo la nne ndilo lililomfungua macho. Kichwa chake kilikuwa "Sogea Karibu". Kijitabu kilisema usipige kila kitu, chagua kitu kimoja kinachobeba hadithi nzima: jicho, mkono, mkunjo wa shavu. Acha nje ya picha kila kisichohitajika. Kinachobaki kule nyuma kifute, ufungue tundu la lenzi hadi mwisho, mpaka kigeuke ukungu. Gitari alilikariri somo hilo kama watu wanavyokariri katekisimu, akawa anatembea mjini akikata watu vipande kwa macho. Hapa pua, pale kiganja. Alikuwa bado hajafanya zoezi lake shemeji yake alipofariki.

Shemeji huyo aliitwa Muthamia, mume wa dada yake Igoki. Kwao ni Meru, juu kule kwenye chai, unapita Nkubu na kuendelea kupanda. Siku ya mvua, lori lililobeba majani liliteleza likampindukia kando ya barabara, na hadi walipolinyanyua hakukuwa na wa kukimbizwa hospitali. Alimwacha Igoki na mtoto mmoja wa kike, Nkirote, aliyepewa jina la mama yake Muthamia, marehemu vilevile. Aliacha pia nyumba ya mbao yenye mabati mapya na shamba la chai ambalo Igoki alikuwa amelipanda naye mche kwa mche.

Ndoa yao ilikuwa ya nyumbani. Mbuzi walipelekwa Embu, asali ikapelekwa, wazee wa pande zote mbili wakala wakashiba wakabarikiana. Harusi ya kanisani ilikuwa ikingoja mwaka mzuri wa chai. Mwaka mzuri ulikuja, ukaenda kwenye mabati. Ukaja mwingine, ukaenda kwenye ng'ombe. Cheti hakikupatikana, na hakuna aliyekiulizia maadamu mwenye mke alikuwa hai.

Asubuhi ya mazishi Igoki alimwita kaka yake nyuma ya jiko. Macho yake yalikuwa yamevimba, lakini sauti yake ilikuwa kavu.

"Salesio wa sokoni amekuja na kamera yake," alisema. "Nimwambie akae?"

"Wa nini na mimi niko?" Gitari akajibu. "Yule atakupangia watu kama viti vya kanisa. Mwambie aende."

"Basi nisikize. Unipige pale kaburini, mimi na mtoto, wakati tunatia udongo. Na hawa watu wote wakiwa hapo. Umesikia? Kiunga haniangalii tena kwa macho."

"Dada, hiyo ni kazi yangu. Niachie."

Kiunga alikuwa kaka mkubwa wa marehemu. Na hapa ni lazima niseme wazi jambo ambalo Igoki hakulisema kwa sababu alidhani kila mtu mwenye akili analijua. Huko, mke asiye na cheti hujulikana kwa mahali anaposimama siku ya mazishi. Anaitwa wa kwanza kutia udongo, anasimama kichwani mwa kaburi, ukoo wa mume unamzunguka. Wakija kugombana baadaye, na wanagombana, hutafutwa picha. Wazee huzipokezana, kidole juu ya karatasi: huyu hapa, na huyu alikuwa ameshika nini, na yule mbona yuko nyuma. Igoki hakuwa na baba mkwe wa kumtetea wala mama mkwe. Alikuwa na siku ile moja tu, na alikuwa akimwomba kaka yake amwekee. Kaka yake akasikia mjane anayetaka ukumbusho.

Salesio akaambiwa aende. Akaenda bila neno, kamera mabegani, akishuka kati ya mistari ya chai.

Mazishi yenyewe yalikwenda vizuri, kama mazishi yanavyoweza kwenda vizuri. Mchungaji alikuwa mgeni, ametumwa kutoka parokia nyingine, na alisoma majina kwenye karatasi. Wakati wa udongo ulipofika, mwendesha shughuli aliita kwa kipaza sauti, "Mke wa marehemu na mtoto." Watu wote waliokuwa pale walisikia. Kiunga mwenyewe alimshika Igoki kiwiko asiteleze kwenye tope. Ukoo mzima ulisimama nyuma yake, kofia mikononi. Mtu angerudi nyuma hatua chache tu angewapata wote, kaburi, jeneza, mke, mtoto, shemeji, na mlima wenyewe kule nyuma kama ungetaka kujitokeza.

Gitari alisogea karibu. Alipiga magoti topeni na suruali yake ya pekee ya suti, akamwelekezea Igoki lenzi, na katika kile kidirisha akaona mkono. Mkono wa dada yake, udongo mwekundu ukichuruzika kati ya vidole, ncha za vidole nyeusi kwa utomvu wa chai usiotoka hata kwa sabuni. Alifungua lenzi hadi mwisho. Kule nyuma jeneza likayeyuka, kofia zikayeyuka, Kiunga akayeyuka. Ukabaki mkono na udongo. Akabonyeza, na Mungu amsamehe, alifurahi. Hadi filamu inaisha alikuwa amekusanya chozi kwenye shavu la bibi mmoja, vidole vya Nkirote vimeng'ang'ania gauni, jembe, ua la shada, na uso wa Igoki peke yake, umejaa picha yote, mzuri mno kwa huzuni yake.

Bw. Vincent alimpa tisa. "Hatimaye umejifunza kuona," kalamu nyekundu iliandika chini ya mkono. Gitari alisoma maneno hayo akiwa amesimama posta, akayasoma tena dukani nyuma ya mabati, na kwa wiki nzima hata wateja wakali hawakumuudhi.

Wiki hiyo ndiyo habari ilipofika kutoka Meru. Kiunga alikuwa amepeleka watu wake kuchuma chai ya Igoki, na Igoki alipowauliza, akamwambia mbele yao kwamba hamjui. Alisema ndugu yake alikuwa na rafiki wa kike, jambo la kawaida kwa kijana, na rafiki huyo alikuja kuzika kama marafiki wengine, na sasa ni wakati wake wa kurudi kwao. Wazee wa ukoo wangekaa Jumamosi, pamoja na naibu chifu. Igoki alimtumia kaka yake ujumbe wa maneno machache: njoo na picha zote.

Alifika mapema. Wazee walikuwa bado hawajaketi, na Igoki alikuwa amefagia uwanja na kumvika Nkirote gauni la kanisani. Alipomwona kaka yake alitabasamu, mara ya kwanza tangu msiba. Alipangusa mikono kwenye leso, akapokea bahasha, akazitoa picha moja moja.

Alizimaliza. Akazirudia tangu mwanzo, polepole zaidi.

"Na zile zingine?" akauliza.

"Zingine gani?"

"Za watu."

"Ndizo hizi, Igoki. Angalia hii, imepata tisa. Teacher mwenyewe ameandika."

Igoki aliutazama mkono wake kwenye karatasi kwa muda mrefu. Gitari alimwona akitafuta kitu pembezoni mwa picha, akiipinda kidogo kama mtu anayetaka kuchungulia kilicho upande wa pili. Hapo ndipo alipoelewa. Naibu chifu alikuwa ameshaingia langoni, na wazee nyuma yake, na viti vikaanza kuburutwa.

Naibu chifu aliitwa Mwenda, mtu wa sauti ya upole na koti zito, na aliendesha kikao kwa Kiswahili kwa sababu ya serikali, alisema, na kwa sababu ya wageni wa Embu. Aliuliza nani alipeleka mbuzi Embu. Waliopeleka walikuwa wameketi palepale, watatu kati yao kwenye benchi moja, na ajabu ya Mungu kila mmoja alikuwa amesahau. Mmoja alikumbuka kwamba aliwahi kufika Embu, lakini kwa mambo ya mahindi. Igoki alisema mtoto amepewa jina la nyanyake, kama apewavyo mtoto wa ukoo. Kiunga akasema, kwa upole vilevile, kwamba jina ni jina tu, hata jirani anaweza kulichukua akilipenda. Gitari aliposimama kusema kwamba yeye aliwaona wazee hawa nyumbani kwa baba yake wakila nyama, aliambiwa aketi, maana ndugu wa msichana hawezi kuwa shahidi wa msichana.

"Picha ziko?" Mwenda akauliza. "Tuache maneno. Picha haina ukoo."

Igoki alizipeleka mwenyewe. Mwenda akavaa miwani, akaipokea ya kwanza, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu.

"Huu ni mkono wa nani?"

"Wangu."

"Lete tuone."

Igoki akaunyoosha mkono wake. Wazee waliinama wakautazama, wakatazama picha, wakatazama mkono tena. Kisha mzee mmoja akamwita mke wa Kiunga aliyekuwa amesimama mlangoni mwa jiko, akamwambia naye alete wake. Ncha za vidole vyake zilikuwa nyeusi vilevile. Kila mwanamke aliyekuwa uwanjani pale alikuwa na vidole hivyo.

"Na hii?" Mwenda akasema.

"Hiyo ni mimi. Hiyo ni sura yangu."

"Sura ni yako, hiyo sikatai. Lakini hapa ni wapi? Ni sokoni? Ni kanisani?"

"Ni hapa. Ni kaburini."

"Hili doa la kahawia ni nini?"

"Jeneza," Gitari akasema.

"La nani?"

Picha zilipita mkono kwa mkono. Mzee mmoja alimuuliza Gitari, bila ubaya wowote, kama kamera yake ilikuwa mbovu siku hiyo. Gitari alijaribu kueleza. Alisema kwamba alifundishwa kuchagua kitu kimoja. Alisema kwamba nyuma kunafutwa makusudi. Kadiri alivyoeleza ndivyo alivyojiona akimtolea Kiunga ushahidi, na alipofika kwenye lile neno makusudi aliona mzee mmoja akimgusa mwenzake goti.

"Mwenye kupiga amesema mwenyewe," mzee huyo akasema. "Alitufuta makusudi. Alijua hatuna maana na yeye, wala yeye na sisi."

Hukumu haikuchukua muda. Nyumba na chai zilikuwa za ukoo, na zingekaa kwa Kiunga. Igoki angeenda kwao na vitu vyake. Kuhusu mtoto, Mwenda alisema, ukoo ungeweza kumdai, maana damu ni damu.

Gitari alimsikia dada yake akivuta pumzi. Walikuwa wamemkana mama na sasa walikuwa wakimpima mtoto, na hakuna hata mmoja kwenye yale mabenchi aliyeona kwamba mambo hayo mawili hayawezi kukaa pamoja. Au waliona. Hilo ndilo baya zaidi, kwamba huenda waliona vizuri sana.

"Lakini," Mwenda akaendelea, "sisi si watu wabaya. Mama akienda kwa amani, aende na mtoto wake. Akileta kesi, mtoto abaki kwanza mpaka kesi iishe. Na ndio tusirudi hapa tena kuulizana, itapigwa picha." Alimgeukia Gitari na kuinyooshea kidole kamera iliyoning'inia shingoni mwake, maana siku hizo hakuwa akienda popote bila hiyo. "Iko na filamu?"

Gitari aliifunika kamera kwa kiganja.

"Nimekuuliza, kijana. Iko na filamu?"

"Iko."

"Basi tutasimama hapa mbele ya nyumba. Huyu msichana atampea Kiunga ufunguo, mbele yetu sote, tuonekane tulisikizana."

"Siwezi," Gitari akasema. Alianza kuivua kamera shingoni. "Tafuteni Salesio. Mimi hiyo picha sipigi."

"Salesio ameenda Meru mjini," Kiunga akasema. "Tunaweza kumngoja. Mtoto naye ataingoja ndani."

Mke wa Kiunga alikuwa tayari amemshika Nkirote mkono. Hakumshika kwa nguvu. Mtoto alikuwa akitazama viatu vyake vya kanisani na hakujua lolote.

Igoki alikwenda akamchukua, akambeba ingawa alikuwa mkubwa wa kubebwa, kisha akamjia kaka yake. Gitari hakuthubutu kumtazama. Alitaka dada yake amtukane. Alitaka amzabe kofi mbele ya wazee wote, lingekuwa jambo la haki na angeweza kulala usingizi baada yake. Igoki alimfunga tu kamba ya kamera vizuri shingoni, pale alipokuwa ameanza kuifungua.

"Tupige," akasema kwa Kiembu. "Mvua inakuja, na Embu ni mbali."

Wazee walijipanga. Walijipanga wenyewe bila kuambiwa, wima kwa mstari, mikono chini, Mwenda katikati na kofia yake ya serikali, Kiunga kulia kwake. Igoki walimweka mbele kidogo, mtoto ubavuni, ufunguo katika mkono wa kulia. Mzee mmoja alimrekebisha bega ili uso wake uangalie mbele na usijifiche. Mwingine akamwambia Gitari ahakikishe mlango unaonekana, na mabati, na mstari wa kwanza wa chai, na kila mtu.

Gitari akaweka jicho kwenye kidirisha. Alikuwa karibu mno. Akarudi hatua, wakabaki wawili nje. Akarudi tena, kisigino kikagonga udongo laini wa kaburi la Muthamia uliokuwa bado haujakauka, akasimama hapo. Alizungusha lenzi akalibana tundu lake, mpaka nyuso zote zikawa wazi, na mbao za nyumba, na kila jani.

"Mimi ninaonekana?" Igoki akauliza.

"Unaonekana," Gitari akasema, akabonyeza.